Picha Ghafi za Kamera ya Dijitali, kutoka Uhariri wa Oflaini hadi Kurekebisha Rangi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wahariri, wasaidizi wao na watayarishaji wa filamu huyarudia karibu kila mradi unapoanza. Yamepangwa kwa kufuata safari ya kazi yenyewe, na yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Misingi

1. Picha ghafi ni nini, na inatofautianaje na video ya kawaida?

Kihisi cha kamera nyingi za sinema hakioni rangi. Kila nukta yake hupima wingi wa mwanga tu, na juu ya kila nukta kumewekwa kichujio kidogo chekundu, cha kijani au cha bluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza nchini Marekani mwaka 1976. Picha ghafi ni vipimo hivyo kabla havijageuzwa kuwa picha ya rangi kamili. Kazi ya kukadiria rangi mbili zinazokosekana katika kila nukta tutaiita hapa kufumbua picha.

Video ya kawaida hufumbuliwa ndani ya kamera, na mizani ya nyeupe, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) na mtindo wa rangi huingia moja kwa moja katika picha. Katika picha ghafi mambo hayo huandikwa kando kama metadata, yaani taarifa kuhusu picha, nayo hubaki kuwa mapendekezo ambayo mtu mwingine anaweza kuyabadilisha miezi kadhaa baadaye. Mipaka ya aina hizi si mikali kama matangazo ya kamera yanavyodai: R3D, aina ya faili ghafi iliyokuja na kamera ya RED ONE mwaka 2007, hubanwa kwa hesabu za wavelet, na Blackmagic RAW, iliyotangazwa mwaka 2018, hufanya sehemu ya ufumbuaji ndani ya kamera yenyewe.

2. Je, picha ya logi ni picha ghafi?

Hapana. Logi ni namna ya kugawa viwango vya mwanga ndani ya faili, na huweza kutumika katika video iliyokwisha kufumbuliwa, kama vile ProRes 4444, namna ya kubana video ya Apple, yenye LogC, logi ya kamera za ARRI. Faili hilo lina ubora mkubwa na linavumilia marekebisho mengi, lakini mizani yake ya nyeupe imekwisha kuamuliwa.

3. Je, picha ghafi huokoa kosa lolote la upigaji?

Huokoa machache kuliko watu wanavyotumaini. Mizani ya nyeupe iliyowekwa vibaya hurekebishwa vizuri sana. ISO nayo ni metadata katika kamera nyingi, ingawa kamera zenye ISO asilia mbili hufunga uchaguzi wa mojawapo wakati wa kurekodi, na baadaye unaweza kusogea ndani ya eneo la ile iliyochaguliwa tu.

Mwanga uliozidi uwezo wa kihisi umepotea, na dirisha lililoungua litabaki limeungua. Fokasi, kasi ya shata, kasi ya fremu na tundu la lenzi havibadiliki. Chumba kilichochanganya mwanga wa jua na taa za njano hakina mizani moja sahihi, hata ukilitazama faili kwa wiki nzima. Hapo ni kazi ya kugawa picha sehemu kwa sehemu wakati wa kurekebisha rangi.

4. Kwa nini nisihariri picha ghafi moja kwa moja?

Sababu ya kwanza ni uzito. Fremu moja ya ARRIRAW, picha ghafi ya kamera za ARRI, isiyobanwa yenye nukta 2880 kwa 1620 na biti 12 ina takriban megabaiti 7. Kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni megabaiti 175 kila sekunde, na saa moja hula karibu gigabaiti 630. Saa hiyohiyo ikigeuzwa kuwa ProRes Proxy ya 1920 kwa 1080 huchukua gigabaiti 17. Filamu iliyopigwa saa 40 itahitaji terabaiti 25 kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine itatosha katika diski ndogo ambayo mhariri anaibeba mfukoni.

Sababu ya pili ni kwamba kompyuta inayofumbua picha kila unapobonyeza kitufe cha kucheza huchelewa, na mhariri anayesubiri hupoteza mdundo wa tukio. Ndiyo maana kazi hugawanywa: katika uhariri wa oflaini hadithi hukatwa na kupangwa kwa nakala nyepesi, kisha picha ghafi hurudishwa mahali pake kabla ya kurekebisha rangi. Kwa tangazo la sekunde 30 lenye klipu chache na kompyuta yenye nguvu, mzunguko huu wote hauna faida, na ni afadhali kuhariri picha ghafi zenyewe.

## Kutoka kwenye kadi hadi kwenye diski

5. Nifanye nini kabla kadi haijafutwa?

Nakili folda nzima ya kadi kama ilivyo, pamoja na mafaili madogo yanayoonekana hayana kazi, kwa sababu baadhi yake hubeba metadata ambayo programu ya rangi itaihitaji. Klipu ndefu ya R3D, kwa mfano, hukatwa na kamera kuwa vipande vya takriban gigabaiti 4 ndani ya folda moja, na kipande kimoja kikihamishwa, klipu huishia katikati.

Tumia programu ya kunakili inayokokotoa namba ya uthibitisho, kama MD5 au xxHash, kwa faili la kwenye kadi na kwa nakala yake, kisha kulinganisha namba hizo. Kuburuta folda kwa kipanya hakuthibitishi chochote. Kadi isifutwe mpaka nakala zilizothibitishwa ziwe kwenye diski mbili tofauti, na ya tatu ikiwezekana ilale jengo jingine. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, usiendelee ulipoishia: futa nakala hiyo nusu na uanze upya, maana faili lililokatika linaweza kuwa na jina sahihi na picha ya kwanza nzuri, huku mwisho wake haupo. Ruhusa ya kufuta kadi iwe ya mtu mmoja tu katika kikosi chote.

6. Je, naweza kubadilisha majina ya mafaili ili yaeleweke?

Usifanye hivyo. Ukisahau kila kitu katika ukurasa huu, hili lisikutoke: nakala nyepesi inaweza kutupwa na kutengenezwa tena wakati wowote, lakini jina la klipu na taimukodi yake (namba ya saa, dakika, sekunde na fremu) ndiyo kamba pekee inayoifunga kwenye picha ghafi. Mfumo wa konfomu, yaani kurudisha picha ghafi mahali pa nakala nyepesi, utakaoelezwa katika swali la 12 na kuendelea, hautazami picha. Unatafuta jina na muda.

Majina ya kamera kubwa yamejengwa kwa kazi hiyo. Katika jina kama A001_C003_0502XK, herufi A ni kamera, 001 ni kadi, C003 ni klipu ya tatu, 0502 ni tarehe 2 Mei, na herufi mbili za mwisho huongezwa na kamera bila mpangilio ili klipu mbili zisije zikalingana kabisa. Maelezo kama «onyesho la 14, mama anaingia sokoni» yaandikwe ndani ya programu ya kuhariri, katika safu ya maoni, au katika jina la folda ya mhariri ambalo haligusi faili.

Kuna hali moja inayoruhusu kuvunja kanuni hii. Kamera nyingi ndogo huanza tena na C0001 kila kadi inapofutwa, na baada ya siku tatu unakuwa na klipu tatu zenye jina moja. Hapo ongeza kiambishi cha kamera, siku na kadi mwanzoni mwa jina, ukifanya hivyo mara moja tu, kabla ya kutengeneza nakala nyepesi, na kwa nakala zote za picha ghafi kwa pamoja.

7. Taimukodi ifuate saa ya siku au muda wa kurekodi?

Ikiwa kamera ni zaidi ya moja, au sauti inarekodiwa kando, tumia saa ya siku na uisawazishe asubuhi, na tena baada ya mapumziko, kwa kuwa saa za vifaa husogea. Kwa kamera moja, muda wa kurekodi unatosha, na ni desturi kadi ya kwanza kuanza saa 01:00:00:00, ya pili 02:00:00:00, na kadhalika. Kinachovunja kazi ni kamera iliyoachwa ianze sifuri kwa kila klipu.

## Nakala nyepesi na uhariri

8. Nakala nyepesi ziwe za kodeki gani na ukubwa gani?

Kodeki ni njia ya kubana video. Kwa programu ya kuhariri ya Avid, DNxHD 36 au DNxHR LB. Kwa Premiere, Final Cut Pro na DaVinci Resolve, ProRes Proxy au LT. H.264 ni ndogo zaidi, lakini kwa kawaida huhifadhi fremu kwa makundi yanayotegemeana, na kompyuta hulazimika kufumbua fremu kadhaa ili kuonyesha moja, jambo linaloirudisha kero iliyotajwa katika swali la 4.

La muhimu kuliko kodeki ni umbo. Nakala iwe na uwiano uleule wa upana na urefu kama picha ghafi, idadi ileile ya fremu, taimukodi ileile na jina lilelile. Ikiwa kamera ilirekodi picha pana ya 17:9 na wewe ukaikata kuwa 16:9 wakati wa kutengeneza nakala, kila usogezaji wa picha atakaoufanya mhariri utakuwa na maana nyingine kwenye picha ghafi. Picha ya lenzi ya anamofiki, inayorekodiwa ikiwa imebanwa kwa upana, nayo itanuliwe wakati huu, na kipimo cha kutanua kiandikwe.

9. Je, nitie LUT kwenye nakala nyepesi?

Ndiyo. Mhariri na mwongozaji hawapaswi kuishi miezi mitatu na picha za logi zilizopauka. LUT (jedwali la kugeuza rangi) ileile iliyotumika kwenye monita siku ya kupiga, kwa kawaida faili la .cube, ndiyo inayofaa, na kama rangi ilirekebishwa seti kwa ASC CDL, namna ya kuandika marekebisho ya rangi kwa namba, namba zake kumi zisafiri pamoja na klipu.

Hatari yake ni ya kibinadamu. Mwongozaji huizoea rangi ya muda na kuanza kuiona ndiyo sahihi, na siku ya rangi hukataa kila kitu kisichofanana nayo. Kwa maoni yangu, LUT ya oflaini iwe ya kawaida na isiyo na mbwembwe.

10. Nitumie fremu 24 au 25 kwa sekunde?

Amua kabla kamera haijawashwa. Katika Afrika Mashariki umeme wa gridi ni wa hezi 50 na televisheni zilikua katika mfumo wa fremu 25, kwa hiyo 25 na shata ya 1/50 huepusha kumetameta kwa taa nyingi. Ukilazimika kupiga 24 chini ya taa hizohizo, pembe ya shata ya nyuzi 172.8 inakupa 1/50 ileile.

Kwa kumbi za sinema, DCP (kifurushi cha mafaili cha kuonyeshea filamu ukumbini) ya fremu 24 ndiyo inayokubalika kila mahali. Filamu ya fremu 25 inaweza kuchezwa taratibu kidogo ili iwe 24, na dakika 96 zitakuwa 100, mradi fundi sauti arekebishe kina cha sauti. Usichanganye 23.976 na 24 ukidhani ni kitu kimoja: kwa saa moja tofauti yake ni zaidi ya sekunde tatu na nusu, na midomo itaachana na maneno.

11. Sauti iliyorekodiwa kando iunganishwe lini?

Iunganishwe wakati wa kutengeneza nakala nyepesi au mara tu baada yake, kwa taimukodi, na klapa (kibao kinachogongwa mbele ya kamera) itumike kuhakiki. Baada ya hapo sauti haina safari na picha ghafi: fundi sauti hupelekewa AAF, faili linalobeba uhariri kutoka programu moja hadi nyingine, pamoja na mafaili asilia ya sauti, na mtaalamu wa rangi huhitaji mchanganyiko wa muda tu ili asifanye kazi kwenye filamu bubu.

## Konfomu: kurudisha picha ghafi

12. Uhariri umefungwa. Nimpelekee nini mtaalamu wa rangi?

Mpelekee picha ghafi zilizotumika au zote, orodha ya uhariri, na video ya rejea ya filamu nzima iliyotolewa kutoka taimulaini (mpangilio wa klipu katika programu ya kuhariri) iliyofungwa, yenye taimukodi na majina ya klipu yakionekana juu ya picha. Bila video ya rejea hakuna anayeweza kujua kama konfomu imekuwa sahihi.

Kabla ya kutoa orodha, tengeneza nakala ya taimulaini na uisafishe: shusha klipu zote kwenye wimbo mmoja inapowezekana, fungua taimulaini zilizofichwa ndani ya nyingine, ondoa klipu zilizozimwa, na badilisha athari za programu ya kuhariri ziwe maelezo ya maandishi. Ukipeleka sehemu tu ya picha ghafi, acha fremu za ziada kila upande wa mkato. Kati ya 8 na 24 ndiyo kawaida.

13. Orodha ya uhariri niitoe kama EDL, XML au AAF?

EDL ya aina ya CMX 3600 ni ya zama za tepu. Hubeba wimbo mmoja wa picha na matukio yasiyozidi 999, na nafasi ya jina la reli, yaani tepu au kadi ya chanzo, ni herufi nane, hivyo majina marefu ya leo hukatwa yasipoandikwa kwenye mistari ya maoni. Haibebi ukuzaji wala usogezaji wa picha. XML, kutoka Premiere au Final Cut Pro, na AAF, kutoka Avid, hubeba mengi zaidi, na ndizo za kuanzia. Hata hivyo tuma na EDL: ni maandishi matupu, na XML ikikataa kufunguka, mtu anaweza kuisoma EDL kwa macho na kuona tatizo liko mstari gani.

14. Nimerudisha picha ghafi, lakini klipu nyingine si sahihi. Nianzie wapi?

Weka video ya rejea juu ya taimulaini na uchague hali ya tofauti, ambayo huonyesha weusi pale picha mbili zinapolingana. Kwa kuwa rangi hazifanani, weusi hautakuwa kamili, lakini kingo zinazotikisika huonyesha kosa papo hapo.

Klipu ya tukio tofauti kabisa maana yake ni majina au taimukodi zinazogongana, kama kamera mbili zilizoanza saa 01:00:00:00 bila jina la reli. Iambie programu ilinganishe kwa jina la faili pamoja na taimukodi. Klipu sahihi iliyosogea fremu moja au mbili mara nyingi hutokana na nakala nyepesi yenye kasi tofauti na picha ghafi.

Picha iliyo kubwa mno au ndogo mno husumbua zaidi, na chanzo chake ni hesabu. Mhariri alikuza hadi asilimia 120 kwenye nakala ya nukta 1920, na programu ya rangi inaisoma asilimia hiyo kwenye picha ya nukta 6144. Panga mradi ili kila klipu kwanza itoshe fremu, ndipo ukuzaji uhesabiwe juu yake. Klipu za mwendo wa pole huwa na matatizo ya aina mbili: zile zilizopigwa kwa fremu 50 au 100 ili zichezwe 25 huweza kusomwa kwa kasi halisi, na zile zilizobadilishwa kasi na mhariri kwa mpindo, yaani kasi inayopanda na kushuka ndani ya klipu, hazisafiri vizuri katika orodha yoyote. Hizo za pili zijengwe upya kwa mkono ukifuata rejea. Ni kazi ya kuchosha, na iingizwe katika ratiba badala ya kuibiwa muda wa rangi.

## Rangi

15. Nianze na mipangilio ya ghafi au na zana za rangi?

Weka mipangilio ya ghafi kwanza, kwa mradi mzima: ufumbuaji wa ubora kamili kwa kutoa kazi ya mwisho, hata kama ulitumia nusu wakati wa kutazama, pamoja na nafasi moja ya rangi (wigo wa rangi zinazowakilishwa) na mkunjo mmoja wa logi, kwa mfano REDWideGamutRGB na Log3G10 kwa kamera za RED. Kisha badilisha mizani ya nyeupe na ISO kwa klipu zile tu zilizokosewa. Yanayobaki yafanywe kwa zana za kawaida, kwa sababu hizo zinaweza kunakiliwa kutoka klipu hadi klipu na kufuatiliwa kwa urahisi.

Kuwa macho na mafaili ya pembeni, yaani .RMD ya RED na .sidecar ya Blackmagic. Mtu aliyechezea rangi seti anaweza kuwa ameyaacha kwenye folda, na programu huyasoma kimyakimya badala ya metadata ya kamera.

16. Je, ni lazima nitumie ACES?

Si lazima. ACES, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwishoni mwa 2014 chini ya Academy ya Marekani, huleta kamera tofauti katika nafasi moja ya rangi na kurahisisha kutoa filamu kwa televisheni, HDR (picha yenye upana mkubwa wa mwangaza) na sinema. Faida yake huonekana kukiwa na kamera tatu au studio kadhaa za athari za kompyuta. Kwa kamera moja na toleo moja la Rec.709, kiwango cha rangi cha televisheni ya kawaida, usimamizi wa rangi wa programu yako unatosha.

17. Studio ya athari za kompyuta ipewe picha zipi?

Isipewe picha zilizokwisha kurekebishwa rangi, wala nakala nyepesi. Fumbua picha ghafi mara moja, kwa mipangilio ya swali la 15, uwe mfululizo wa mafaili ya picha ya OpenEXR wa biti 16, pamoja na fremu za ziada na LUT ya kutazamia. Fremu ya kwanza hupewa namba 1001 ili ziada za mbele zisifike kwenye namba hasi. Kazi ikirudi iwe na nafasi ya rangi ileile na jina la onyesho lenye namba ya toleo, ili mtaalamu wa rangi abadilishe v003 kwa v004 bila kugusa rangi aliyokwisha kuiweka.

## Hali zisizo za kawaida

18. Mwongozaji amefungua uhariri baada ya rangi kuanza. Tufanyeje?

Omba orodha mpya ya filamu nzima pamoja na video mpya ya rejea, kisha tumia programu kulinganisha orodha ya zamani na mpya; rangi iliyofungwa kwenye klipu itahamia pale klipu ilipohamia. Mabadiliko ya kuambiana kwa simu, ya «punguza fremu kumi pale anapofungua mlango», yakataliwe, kwa kuwa fundi sauti naye anafanya kazi kwa urefu wa zamani na hatayasikia.

19. Nakala nyepesi zilitengenezwa bila taimukodi wala majina asilia. Kuna njia?

Ipo, nayo ni ya polepole. Ikiwa kila nakala nyepesi ni klipu nzima isiyokatwa, urefu wake kwa fremu, tarehe na klapa vinaweza kuonyesha ni klipu ipi ya kamera. Tengeneza nakala nyepesi mpya zilizo sahihi, ziunganishe na taimulaini moja baada ya nyingine, na hakiki kila mkato kama ilivyoelezwa katika swali la 14. Ikiwa nakala zilikatwa kabla ya kuhaririwa, utalazimika kuzitafuta kwa macho. Kama filamu bado ni mwanzoni, kuanza uhariri upya na nakala sahihi kunaweza kuwa nafuu.

20. Filamu imetoka. Naweza kufuta picha ghafi?

Uliza mkataba kwanza, kwa sababu msambazaji anaweza kudai toleo la HDR au tangazo jipya baadaye. Kwa kuhifadhi muda mrefu, tepu ya LTO ni salama kuliko diski iliyolala kabatini. LTO-9 hubeba terabaiti 18 bila mbano. Lakini mashine zake hazisomi vizazi vyote: ya LTO-8 husoma LTO-7 na LTO-8 tu, kwa hiyo tepu za zamani zihamishwe kabla mashine yake haijaadimika. Pamoja na picha ghafi hifadhi mradi wa rangi, LUT, orodha za uhariri, namba za uthibitisho na video ya rejea. Nakala nyepesi unaweza kuzifuta.